Mtaa wa Kupotelea

Tangu macho yaniache nimepungukiwa na mengi, lakini sijapungukiwa na watu wa kunionea huruma. Wako kila mahali na kila mmoja ana mtindo wake. Wapo wanaopaza sauti wakizungumza nami, kana kwamba macho yalipoondoka yalifuatana na masikio. Wapo wanaomuuliza niliyekaa naye, "Mama anatumia sukari?" na kikombe kiko mkononi mwangu. Wapo wanaonidaka kiwiko na kunivusha barabara ambayo sikuwa na nia ya kuivuka. Hao wote nimewazoea. Niliyekataa kumzoea ni mwanangu.

Nina mtoto mmoja tu, wa kiume, mhasibu. Nimemlea peke yangu kwa mikono hii miwili, na nikisema mikono nina maana ya mikono, kwa sababu mimi ni mkandaji. Dereva aliyekaa kitini mpaka kiuno kimekaza, mama mwenye bega lisilonyanyuka, kijana aliyebeba mzigo kwa sifa, wote hulala kwenye kitanda changu wakiguna na kuinuka wamenyooka. Wateja waliniita Mama Vidole na jina likashika. Hata mwanangu akichangamka huniita hivyo hivyo.

Mtaa wetu wa zamani niliujua kabla sijapofuka. Asubuhi nilichukua fimbo yangu, nikaenda kununua mkate, nikarudi. Jioni nilitoka tena kupunga upepo na kusikiliza umbea, nikarudi. Hakuna aliyenishika mkono. Kutoka na kurudi peke yangu ndiyo mali yangu. Mwizi akinichukulia hiyo, pochi na simu hata asijisumbue.

Watu hupenda kunikumbusha kwamba mpofuka ukongweni hapotewi na njia. Mimi sikupofuka mkongwe, lakini njia zangu nilizijua; ila methali haikusema inakuwaje njia yenyewe ikiondolewa. Mwenye jengo aliuza, mnunuzi akataka kubomoa, na sisi wapangaji tukaambiwa tutafute pa kwenda. Ofisi ya mwanangu nayo ilikuwa imehamia ule mji mpya ulioota pembezoni mwa jiji, na yeye na mkewe walikuwa wanatafuta nyumba huko.

"Mama, tutakaa wote," akaniambia. "Nimepata mtaa mzuri. Una geti, una walinzi, hakuna vurugu. Kimya kabisa. Nimeuchagua kwa ajili yako."

Kwa ajili yangu. Siwezi kusema sikufurahi. Mama gani hafurahi mwanawe akimkumbuka? Nikavaa nguo nzuri, nikajipaka mafuta, tukaenda kuutazama, wao kwa macho na mimi kwa namna yangu.

Mkwe wangu ndiye aliyeendesha. Yule binti nampenda kwa sababu hanishiki kiwiko. Husema, "Mama, kuna ngazi," kisha ananyamaza. Tulipanda matuta, geti likateleza kwenye reli yake, tukaingia. Niliposhuka kwenye gari nilisimama, nikasubiri mtaa unisemeshe. Haukunisemesha.

Hapa lazima nieleze jambo, kwa sababu wenye macho wengi hawalijui. Wanadhani vipofu tunahesabu hatua. Mimi nikianza kuhesabu hatua nitasahau nilikuwa nakwenda kununua nini. Natembea kwa kusikia. Cherehani ikiwa nyuma ya bega langu la kushoto na redio ya kinyozi ikiwa mbele, najua nilipo, sina haja ya kuuliza. Kelele kwangu ndiyo taa. Sasa nipeleke mahali ambapo kila ukuta ni ule ule, nyasi ni zile zile, lami laini haina hata shimo la kuikumbukia, na kinachosikika ni mashine za kupoza hewa tu, ya nyumba hii na ya nyumba ile, zote zikinguruma sauti moja. Umenizimia taa.

"Chumba chako hiki, mama," mwanangu alisema, akanigusisha ukuta, kitanda, bomba. "Kiko chini, choo humu humu ndani. Huna haja ya kutoka."

Alilisema kwa furaha, kama mtu anayekabidhi zawadi.

"Na wateja wangu?"

"Mama, umefanya kazi vya kutosha. Sasa pumzika. Halafu sheria za hapa haziruhusu biashara nyumbani."

Sikubishana. Nilichukua fimbo yangu nikamwambia nakwenda mpaka getini, narudi.

Nilipotea kabla hata sijakaribia geti. Fimbo iligonga ukingo, ikagonga ukuta, ikagonga ukingo mwingine uliofanana na wa kwanza. Niligeuka kurudi, na kugeuka kwenyewe kukanichanganya zaidi. Nikafanya kile ambacho mtu yeyote aliyelelewa hufanya: nikasimama mbele ya mlango wa watu nikapiga hodi. Hakuna aliyeitika. Nikapiga nyingine. Ndani televisheni ilikuwa inasema, na mtu akapunguza sauti yake ili asikie vizuri ni nani anayemsumbua, kisha akaiongeza tena. Nilikwenda mlango wa pili, nikapata mbwa.

Maisha yangu yote sijawahi kupiga hodi mchana kweupe, watu wako ndani, nikakosa hata wa kunifukuza.

Aliyeniokota ni mlinzi. Alinikamata mkono juu ya kiwiko na kusema kwenye redio yake, "Kuna bibi kipofu huku anazurura. Ni wa nyumba gani?" Nilikuwa hapo hapo, nina ulimi, angeweza kuniuliza mimi. Alinirudisha kama mzigo uliodondoka kwenye lori.

"Umeona, mama?" mwanangu alisema. "Hapa hata ukipotea unarudishwa."

Mkwe wangu akacheka kidogo. "Mimi mwenyewe hapa nimechomeka ufunguo mlango wa jirani. Zinafanana mno." Mumewe hakucheka.

Kwenye gari nikatoa msimamo wangu. "Ninyi hamieni, mtaa mzuri. Mimi siendi."

"Mama, utakaa wapi? Na nani?"

"Nitatafuta mtaa wangu. Karibu nanyi, lakini nje ya lile geti."

"Watu watasemaje? Watasema nimemtupa mama yangu kipofu."

"Watu hao wana migongo. Wakichoka kusema watakuja niwakande."

Nilijua nimemuumiza, na nilijua pia kwamba nikimhurumia usiku ule, nitalala ndani ya kile chumba mpaka nife. Kwa hiyo sikumhurumia.

Kesho yake nilimpigia simu dalali mmoja aliyewahi kuletwa kwangu amebebwa, akaondoka kwa miguu yake. Mtu wa namna hiyo hakusahau.

"Shikamoo, Mama Vidole."

"Marahaba. Nitafutie nyumba kwenye ule mji mpya. Chumba na sebule, mlango utazame barabarani. Nataka mtaa wenye kelele."

Akakohoa. "Mama, kelele mimi ndiyo nazificha. Nyumba ya karibu na karakana naionyesha Jumapili mchana, mafundi wamefunga, mteja anasikia ndege tu. Akija kulalamika Jumatatu, simu yangu haipatikani."

"Basi mimi nionyeshe Jumatatu."

Akacheka sana. Lakini Jumatatu alikuja, akanipeleka.

Nilipokanyaga tu ule mtaa nilitaka kuimba. Mkono wa kulia, fundi wa kuchomelea alikuwa anakata chuma, mlio ambao ungeweza kuusikia kutoka popote. Mbele kidogo seremala alipiga randa, hwaa, hwaa, na mbele zaidi mashine ya kusaga ilikuwa inakohoa unga. Upande wa pili kinyozi na muuza simu walishindana kwa redio, kila mmoja akitaka mwenzake asisikike. Huyu anamwita yule, yule anamtukana huyu kwa utani. Dalali aliomba radhi njia nzima. Mimi nilimwambia anyamaze, ananizibia.

Nyumba yenyewe ilikuwa na mlango wa chuma na sebule ya kutosha kitanda cha kukandia. Nilitoka mlangoni, nikaenda hadi kwenye mashine ya kusaga, nikarudi. Nilikwenda tena upande wa kinyozi, nikarudi. Kinyozi alizima redio aniulize kama nataka msaada. Nikamwambia msaada ninaoutaka ni aiwashe.

Nikachukua funguo siku ile ile.

Mwanangu aliposikia alikuja moja kwa moja kutoka kazini. Viatu vyake vya ofisini vilikuwa vinalia kila hatua, kwiki, kwiki, nikavisikia tangu ngazi za chini za jengo letu la zamani.

"Mama, mitaa yote iliyopo duniani, unachagua wa wachomelea vyuma?"

"Niliusikiliza, nikaupenda."

Alivuta kiti. Nilijiandaa kwa makelele, lakini mwanangu ni mhasibu. Hapigi kelele, anatafuta palipovuja.

"Sawa. Na Jumapili je?"

"Jumapili vipi?"

"Mafundi wanafunga. Seremala, mashine, kinyozi, wote. Umeniambia kelele ndiyo taa yako. Jumapili taa zikizimwa utatembea na nini?"

Alinipata. Nilikuwa nimekataa kuonyeshwa nyumba Jumapili kwa ujanja wangu mwenyewe, nikasahau kwamba Jumapili nayo ni siku ya kuishi. Mchagua jembe si mkulima, wanasema, na mimi nilikuwa nimelichagua jembe langu kwa majivuno bila kulitazama mpini.

Hapo ndipo hasira ilipopanda, na hasira yangu ina mdomo. "Nipeleke Jumapili," nikasema. "Nitatoka pale peke yangu, niende lile duka la barabara ya nyuma alilonitajia dalali, ninunue sabuni, nirudi. Nikipotea, nitahamia kwako getini, na hutanisikia nikiomba kutoka."

"Mama..."

"Nimesema."

Maneno yakishatoka hayarudi. Siku zilizobaki nilikanda migongo ya watu huku wangu ukiwa umekaza kuliko yote.

Jumapili tulikwenda sote. Mkwe wangu alibeba mkeka na birika, akasema yeye atakaa ndani atandike, sisi tuendelee na mashindano yetu. Mwanangu aliahidi kunisubiri mlangoni. Nikatoka.

Mtaa ulikuwa umekufa. Sikutegemea ungekufa kiasi kile. Nilisimama kizingitini nikatafuta chochote cha kushika kwa masikio, nikakosa. Halafu mguu wangu ukakanyaga vumbi la chuma, likasaga chini ya kandambili, nikajua niko mbele ya mchomeleaji. Nikasonga. Harufu ya mbao mbichi ikanijia, nikajua seremala. Ardhi ikawa laini na pua ikaanza kuwasha, huo ni unga. Nikaanza kutabasamu, nikajiona mjanja.

Kisha nikasikia kwiki, kwiki, nyuma yangu.

Alikuwa ananifuata. Aliahidi kukaa mlangoni, na sasa alikuwa ananyata nyuma ya mama yake kwa viatu visivyojua kunyata. Nilikasirika mpaka nikaongeza mwendo, na kuongeza mwendo ndiko kulikoniponza. Nilikata kona niliyodhani ni ya dukani. Ukuta uliokuwa mkono wa kushoto ukaisha ghafla. Fimbo ikadumbukia kwenye mfereji. Nikarudi nyuma, nikajigeuza, nikanyoosha mkono, sikugusa kitu.

Nilikuwa nimepotea. Nasema wazi, niliogopa. Niliogopa kama nilivyoogopa wiki ile ya kwanza ya upofu, nilipokaa kitandani na kumshika mwanangu mdogo shati ili asiende mbali. Nilikiona kile chumba cha chini chenye choo ndani. Niliisikia "huna haja ya kutoka" ikisemwa kila siku, kwa upole, mpaka siku ya kuzikwa, ambayo ndiyo siku ningetoka.

Viatu nyuma yangu vilisimama. Aliniona. Nilijua ananiona nimepotea, fimbo hewani, mdomo wazi. Nikasubiri ule mkono kwenye kiwiko. Nilishaukunja kabisa mkono wangu, tayari kushikwa.

Mkono haukuja.

Nikasubiri tena. Hakusogea, hakusema, hata hakukohoa. Pale palikuwa na mimi, yeye na kimya.

Nikavuta pumzi, nikapiga hodi. Sikuwa hata mbele ya mlango wa mtu. Nilipiga hodi barabarani, kwa sauti yangu yote.

"Karibu," akaitika mwanamke mmoja kutoka chini, maji yakimwagika kwenye beseni.

"Nani huyo?" akauliza mwingine kutoka juu, labda dirishani.

"Ni mimi, mgeni. Natafuta duka, nimepotea."

"Duka umelipita, mama. Rudi, ukutane na ukuta, uufuate mkono wa kulia."

"Usimpitishe kwenye ukuta," akasema wa juu, "kuna mawe ya yule anayejenga. Mpitishe kwenye ngazi zangu."

"Ngazi zako zina sabuni, unataka avunjike?"

"Sabuni ya kwako hiyo, inatiririka mpaka huku."

Wakabishana pale kuhusu njia yangu kana kwamba ni mirathi yao. Mwanaume mmoja naye akaingilia, sauti nzito ya mtu aliyeamshwa. "Mama, fuata sauti yangu. Nitagonga hili pipa mpaka ufike." Akaanza kugonga. Nikalifuata pipa.

"Unakaa wapi, mama?" wa beseni akanirushia nikipita.

"Nahamia ile nyumba iliyokuwa tupu, jirani na mchomeleaji."

"Kumbe jirani. Basi ukikosea tena piga kelele. Wewe sauti unayo."

Nilinunua sabuni. Muuzaji aliniuliza mimi naitaka ya rangi gani, nikamwambia yoyote inayotoa povu, akacheka, nikacheka. Niliporudi nilikwenda polepole. Pipa lilinisindikiza mpaka kwenye ukuta, unga ukanipokea, kisha mbao, kisha chuma. Nyuma yangu kwiki, kwiki, kwa mbali, kwa adabu.

Karibu na mlango nikasimama bila kugeuka.

"Viatu vyako vinapiga kelele," nikamwambia.

Akasogea. Alikuwa anahema kama aliyekuwa anakimbia, na hakuwa amekimbia.

"Mama, ulipotea."

"Nilipotea. Na wewe ulikuwa shahidi."

"Ulisema ukipotea..."

"Najua nilichosema. Nilikisema kwa hasira, na kilikuwa cha kijinga, na sikitimizi. Wewe unapotea mara ngapi? Unafungua kioo cha gari, unauliza, unaendelea. Kuuliza si ujinga. Kule kwako nilipotea, nikapiga hodi, mtu akaongeza sauti ya televisheni. Hapa nimepotea, wamegombana nani anielekeze. Mimi sitafuti mtaa ambao sitapotea, mwanangu. Nitapotea kila mahali. Natafuta pa kupotelea."



"Nilitaka kukushika," akasema. "Ulipodumbukiza fimbo kwenye mfereji nilitaka kuja kukushika. Nilijizuia mpaka mkono ukaniuma."

"Kwa nini hukuja?"

"Ulishakunja kiwiko. Nikaona unavyosubiri kushikwa. Sijawahi kukuona hivyo, mama. Sikutaka kukuona hivyo."

Nikanyoosha mkono nikamgusa bega. Lilikuwa limekaza, gumu kutoka shingoni mpaka kwenye kiwiko, bega la mtu aliyenyanyua kitu kizito na hajakitua. Katika kazi yangu nimeshika mabega ya wachukuzi wengi, lakini sijashika lililobeba kuliko lile. Nilimpenda mwanangu pale mpaka nikashindwa kusema, na mimi kushindwa kusema ni habari.

Ndani, mkwe wangu aliuliza kwa sauti kama mashindano yameisha, maana chai inapoa na mkeka umeshatandikwa.

"Vua shati," nikamwambia mwanangu. "Utakuwa mteja wa kwanza wa nyumba hii."

"Mama, mlango ni upi? Yote ya chuma, yote imefungwa. Mimi nilikuwa nakutazama wewe, sikutazama njia."

Nikagonga fimbo yangu kwenye kizingiti changu mara moja, asikie.

"Nifuate basi," nikamwambia, "usije ukapotea."